Gari la Magurudumu Sita Lililokosa Usukani

Wajukuu, leo nawapa kitendawili ambacho sikukibuni mimi. Kuna gari lenye magurudumu sita, matatu kulia na matatu kushoto. Yote yanatazama mbele na hakuna hata moja linaloweza kupinda. Ndani hakuna usukani. Hata hivyo gari hilo hukata kona, na likiamua kugeuka hugeuka karibu palepale liliposimama. Ukiliingiza ziwani halizami. Linaelea, linavuka, linapanda ng'ambo likitiririka maji na kuendelea na safari. Linafanyaje?

Msiniambie lina rafadha nyuma kama boti. Magari mengine ya majini yalikuwa nayo, ila hili halina. Siri yake imo ndani, chini ya kiti, kwenye giaboksi, na huko ndiko tutakakokwenda. Lakini hatuwezi kuanza na giaboksi. Tuanze na tairi.

Miaka ya 1930 Mmarekani mmoja aitwaye William Albee alikuwa mwalimu huko Alaska, kaskazini kwenye barafu. Siku moja aliwaona wawindaji wenyeji wakisogeza mashua nzito ufukweni. Hawakuiburuta, bali waliiviringisha juu ya mifuko ya ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi, iliyojazwa upepo. Mfuko ulipokuta jiwe ulibonyea, ukalilalia jiwe, ukapita. Albee hakulisahau jambo hilo. Miaka mingi baadaye alitengeneza tairi pana sana zenye upepo kidogo, akaziita Rolligon, na viwanda vikubwa vya tairi vikaingia katika kazi hiyo.

Kidogo kiasi gani? Gari dogo la kawaida mafundi wa pancha hulijaza upepo 30 hivi. Tairi za gari letu hujazwa 2 au 3, na hazizidi 5. Ukiibonyeza kwa kidole, inaingia. Faida yake ni kwamba uzito wa gari hutawanyika juu ya eneo kubwa, kwa hiyo halizami kwenye tope, theluji wala mchanga. Faida ya pili ni kwamba tairi yenyewe ni boya. Ukiwa na sita za namna hiyo, sehemu ya kazi ya kuelea imekwisha kufanyika kabla hujafikiria bodi.

Bodi nayo ilikuwa beseni la plastiki, vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyounganishwa kiunoni. Hapakuwa na milango, maana mlango ni tundu, na tundu ni adui. Watu walipanda kwa kuvuka ukingo.

Gari la kwanza la aina hii linalokumbukwa ni Jiger la Kanada, la mwaka 1961. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 yalikuwa yamezuka mengi: Amphicat, Scamper, Attex kutoka mji wa Ravenna katika jimbo la Ohio, na Max ya kampuni ya Recreatives Industries ya mji wa Buffalo. Hata Allis-Chalmers, kampuni kubwa ya matrekta, ilitoa lake na kuliita Terra Tiger. Wateja walikuwa wawindaji, wavuvi, wenye mashamba yenye mabwawa, na watu waliotaka tu kujichafua tope siku ya Jumapili. Watoto wa Marekani waliyajua kwa njia nyingine. Mwaka 1968 kipindi cha televisheni kiitwacho The Banana Splits kiliwaonyesha wanyama wanne wa kuigiza wakirukaruka ndani ya Amphicat zilizopambwa, na nadhani hakuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kufanya kazi ile.

Sasa tushuke kwenye giaboksi.

Wakati huohuo Ujerumani kulikuwa na gari jingine la maji, Amphicar, lililoanza kuuzwa mwaka 1961. Lilikuwa gari la heshima, na viti na vioo na usukani. Lakini tazameni shida yake. Barabarani lilihitaji gia nne kama gari lolote. Majini lilihitaji kuzungusha rafadha mbili zilizokuwa nyuma, mbele na kinyume. Kwa hiyo giaboksi lake lilikuwa na kazi mbili na nyenzo mbili, moja ya nchi kavu na moja ya majini. Ukitoka ziwani ulitumia zote mbili kwa pamoja, magurudumu yakishika ufuko huku rafadha zikisukuma. Ilikuwa kazi nzuri ya ufundi, na ya gharama. Hayakufika 4,000 yaliyotengenezwa.

Watu wa magurudumu sita walikwenda njia nyingine. Walisema: magurudumu ndiyo yatakayotusukuma kokote, nchi kavu na majini. Tairi zina matuta, na matuta yakizunguka ndani ya maji yanayachota na kuyatupa nyuma. Basi nguvu ina njia moja tu ya kupita. Inatoka kwenye injini ndogo na kuingia kwenye mkanda uliopita juu ya puli mbili. Puli hizo hujibana na kujiachia zenyewe kadiri injini inavyokazana, kwa hiyo dereva hana haja ya kubadilisha gia akiwa mwendoni. Wenye skuta za siku hizi mnaujua mkanda huo. Kutoka hapo nguvu inaingia kwenye giaboksi, inatoka kulia na kushoto, inashika minyororo, na minyororo inazungusha ekseli. Magurudumu matatu ya upande mmoja yamefungwa pamoja kwa minyororo, kwa hiyo lazima yazunguke kwa kasi moja. Hilo likumbukeni.

Na kona je? Mmeona mtu akipiga kasia mtumbwini. Akipiga upande wa kulia tu, mtumbwi unaelekea kushoto. Ndivyo hivyohivyo. Upande mmoja ukienda na mwingine ukikawia, gari linageukia upande unaokawia. Tairi zinaburuzika pembeni kidogo, nyasi zinang'oka, na bwana shamba analalamika, lakini gari limegeuka. Tingatinga na vifaru hugeuka kwa kanuni hiyo.

Swali lililobaki ni hili: utaufanyaje upande mmoja ukawie wakati injini ni moja? Hapo mafundi waligawanyika. Msisinzie, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

Kundi la kwanza lilitumia klachi. Kampuni ya Borg-Warner ya Marekani ilitengeneza giaboksi lililoitwa T-20, likawekwa kwenye Attex, Max na mengine. Mbele ya dereva kuna nyenzo mbili zilizosimama, moja kwa kila mkono. Ukivuta wenzo wa kushoto, kwanza upande wa kushoto unaachiwa, haupati tena nguvu ya injini. Ukizidi kuvuta, unafungwa kwa breki. Kulia kunaendelea kusukuma, na gari linazunguka kushoto. Ukivuta zote mbili, gari linasimama. Mtoto wa miaka kumi anaelewa mara moja, na nadhani ndiyo sababu magari haya yalipendwa na watu ambao hawakuwa madereva.

Ila mfumo wa kuachia una hila yake. Chukulia unateremka mlima mkali, na injini ndiyo inayozuia magurudumu yasikimbie. Unataka kwenda kushoto. Unavuta wenzo wa kushoto kidogo tu, bila kufika kwenye breki. Upande wa kushoto sasa hauzuiwi na kitu, unaanza kukimbia, ule wa kulia bado umeshikwa, na gari linageuka kulia! Madereva wa matingatinga ya zamani waliijua hila hii. Dawa yake ni kuvuta kwa nguvu mpaka breki ishike, usisitesite katikati.

Kundi la pili lilitumia difu. Kanada, katika jimbo la Ontario, kuna mji mdogo uitwao New Hamburg. Huko ndiko nyumbani kwa kampuni iitwayo Ontario Drive & Gear, iliyoanzishwa mwaka 1962, na jina lenyewe linawaambia kazi yake ilikuwa nini: gia. Mwaka 1967 kampuni hiyo ikatoa gari lake la magurudumu sita, Argo. Giaboksi lake lilikuwa na difu ndani, kifaa kilekile kilichomo kwenye ekseli ya nyuma ya daladala, isipokuwa hapa kinagawa nguvu kati ya upande mzima wa kushoto na upande mzima wa kulia.

Difu ina tabia moja ya ajabu. Haiachi mwendo upotee. Ukiufunga kwa breki upande wa kushoto, mwendo uliokuwa wake unahamia kulia, na magurudumu ya kulia yanazunguka kwa kasi mara mbili ya mwanzo. Kwa hiyo kwenye kona upande wa nje unaongeza kasi, jambo ambalo klachi haiwezi kulifanya. Kona inakuwa laini zaidi. Na kule mlimani haikudanganyi, kwa sababu hakuna upande unaoachiwa kabisa.

Ubaya wake? Upande mmoja ukikwama kwenye matope yanayoteleza, difu hupeleka mwendo hukohuko kwa aliyeteleza, na upande wenye ardhi nzuri unakaa bila kazi. Dereva mzoefu hugusa breki ya upande unaoteleza, basi nguvu inarudi ng'ambo. Tena kila kona inagharimu breki, nazo huchemka. Mimi naisifu difu kwa akili yake, lakini nikiharibikiwa porini mbali na fundi ningependa giaboksi liwe la klachi.

Majini nyenzo hufanya kazi zilezile. Vuta kushoto, geuka kushoto, polepole. Mwendo wenyewe ni wa mtu anayetembea, kama kilomita 4 au 5 kwa saa, na upepo ukikaza unaweza kukupeleka usikotaka. Ndiyo maana wengine walifunga injini ya boti nyuma. Haya si magari ya bahari, wajukuu. Ni ya vinamasi, mabwawa na mito iliyotulia.

Na yalikuwa na maradhi. Kila ekseli inapotoka nje ya bodi inapita kwenye tundu, na kila tundu lina mpira wa kuzuia maji unaozeeka. Minyororo hulegea, na mmoja ukikatika upande mzima unaweza kukosa nguvu, kwa sababu ile niliyowaambia mkumbuke. Kuifikia kulimaanisha kulala kifudifudi juu ya bodi na kuingiza mikono kwenye grisi na maji machafu.

Lakini si maradhi yaliyoyashinda. Mwaka 1967 wauzaji wa Honda nchini Marekani walikuwa wanalalamika kuwa majira ya baridi pikipiki haziuziki. Wakaomba kitu cha kuuza wakati wa theluji. Kazi akapewa mhandisi wa Japani, Osamu Takeuchi. Alijaribu magurudumu mawili, matatu, manne, mpaka sita. Tatizo lilikuwa tairi, mpaka alipoziona tairi pana laini za gari moja la magurudumu sita. Gari hilo lilikuwa Amphicat. Mwaka 1970 Honda wakaanza kuuza US90, pikipiki ya magurudumu matatu, injini ya sentimita za ujazo 89, kwa dola 595. Haikuelea mtu akiwa juu yake wala haikubeba familia, lakini ilikuwa nyepesi, rahisi na ya bei nafuu. Amphicat ilikuwa imempa tairi mpinzani wake. Katika miaka ya 1970 watengenezaji wengi wa magurudumu sita walifunga au wakaacha. Zile za magurudumu matatu nazo zilipindua watu wengi, mpaka mwaka 1988 uuzaji wa mpya ukasimamishwa Marekani, zikabaki za magurudumu manne. Hizo ndizo wanazokodishiwa watalii Zanzibar.

Nani alibaki kwenye maji? Max iliendelea kwa miongo kadhaa na T-20 yake. Argo ipo mpaka leo, mara nyingi ikiwa na magurudumu manane, na inanunuliwa na waokoaji na watu wa migodi. Sioni kama bahati. Bodi ya plastiki mtu yeyote mwenye kalibu angeweza kuifinyanga, na injini zilinunuliwa dukani. Kitu kigumu kilikuwa giaboksi, na watu wa New Hamburg walikuwa wachonga gia kabla ya kuwa watengeneza magari. Baadaye walishiriki hata kutengeneza magari ya majaribio ya mwezini kwa ajili ya shirika la anga la Kanada. Moja lao, Juno, lilijaribiwa mwaka 2010 kwenye miteremko ya mlima Mauna Kea huko Hawaii, juu ya majivu ya volkano.

Magari yale ya zamani nayo hayajaisha. Wapo watu Ohio, Pennsylvania na Ontario wanaoyatoa kwenye mabanda na kuyafufua. Huliinua gari juu ya magogo, magurudumu yakining'inia, wakalizungusha moja kwa mkono. Mengine mawili ya upande huo yasipofuata, wanajua mnyororo umekatika. Yakifuata huku yakikwaruza, wanamwaga oili ya giaboksi kwenye sufuria na kutazama kama ina vipande vya chuma. Bodi yenye ufa haiwatishi, maana plastiki huungwa. Kinachowafanya wakune kichwa ni T-20 iliyokatika meno.