Je, Wajua? Filamu Bila Kuwasha Windows

Je, wajua kwamba kuna laptopu zilizouzwa zikiwa na vitufe viwili vya kuwashia? Kimoja kiliamsha Windows. Cha pili kilifungua pleya ya filamu na muziki moja kwa moja, Windows ikiwa bado imelala fofofo. Toshiba ilikiweka kwenye Qosmio mwaka 2004, HP ikawa na QuickPlay kwenye Pavilion dv1000, na Dell ikaja na MediaDirect. Enzi hizo za Windows XP na diski za kuzunguka, mtu alingoja mashine iamke mpaka hamu ya filamu ikamwisha, kwa hiyo kitufe hicho kilipendwa sana. Tatizo lilianza pale mtu alipochagua faili alilopewa na rafiki, na pleya ikakataa kulicheza.

Je, wajua kwamba pleya hiyo haikuwa ndani ya Windows yako hata kidogo? Ilikuwa na mfumo endeshi wake. Ile ya Qosmio ilikaa juu ya Linux. MediaDirect ilitumia Windows XP Embedded, toleo ambalo mtengenezaji huchagua vipande anavyovitaka na vingine akaviacha. Hapo ndipo wengi walipopotea. Mtu angeweza kuijaza Windows yake kodeki (programu za kubana na kufumbua picha na sauti) zote za dunia hii, na kitufe kile kisipate faida ya hata moja, kwa sababu kiliamsha mfumo mwingine kabisa, wenye mafaili yake na rejista yake.

Je, wajua kwamba AVI haikuambii picha imebanwa kwa njia gani? AVI, MP4 na MKV ni makasha. Ni kama kontena bandarini: rangi ya nje haisemi kama ndani mna mchele au matairi. Ndani ya kasha hukaa picha iliyobanwa kwa kodeki moja na sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine. Microsoft ilitoa AVI mwaka 1992, na kodeki ya H.264 ikakamilika mwaka 2003. Basi pleya inayotangaza kwamba "inasoma AVI" imesema nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama jioni yako itakuwa njema.

Je, wajua kwamba jina la kodeki ya faili la AVI limeandikwa waziwazi mwanzoni mwa faili lenyewe, kwa herufi nne? Lifungue kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Utaona kwanza RIFF, kisha ukubwa wa faili, kisha AVI. Ukishuka hadi baiti ya 108 utakuta "vids", maana yake mkondo huu ni wa picha, na papo hapo kwenye baiti ya 112 utakuta herufi nne nyingine: XVID, DIVX au DX50. Pleya nyingi za zamani zilisoma herufi hizo nne tu na kutoa hukumu. Zikiona DIVX zinakubali, zikiona XVID zinakataa, ilhali DivX na Xvid zote mbili zinafuata kanuni ileile ya MPEG-4 sehemu ya 2. Ndipo watu wakagundua kwamba ukibadili herufi hizo tu, bila kugusa hata fremu moja ya picha, faili lililokataliwa jana linacheza leo. Vijiprogramu vya kufanya kazi hiyo peke yake viligawiwa bure. Kwangu mimi huu ni ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba mara nyingi mashine ilikuwa na uwezo wa kucheza, ila ilikosa ruhusa.

Hila hiyo ilikuwa na mpaka wake. Xvid ina mbinu za ziada za kubana, na faili lililozitumia lilitoka mabakamabaka au liligandisha deki hata baada ya herufi kubadilishwa.

Je, wajua kwamba DivX ilianza kwa Mfaransa mmoja kuvunja kufuli? Jérôme Rota aliichukua kodeki ya MPEG-4 ya Microsoft mwishoni mwa miaka ya 1990, akaondoa kizuizi kilichoifungia kwenye kasha la ASF la Microsoft, na ghafla filamu iliyokuwa ikijaza DVD ya GB 4.7 ikaingia kwenye CD ya MB 700. Laptopu za kitufe zilipotoka, dunia ilikuwa imeshajaa mafaili ya aina hiyo, huku pleya zake zikiwa zimetengenezwa kwanza kwa ajili ya DVD.

Je, wajua ukubwa wa picha isiyobanwa? Chukua televisheni ya kawaida ya PAL: pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kila sekunde. Hata ukipunguza taarifa za rangi kama DVD inavyofanya, kila sekunde inakula karibu MB 15.5. Kwa mwendo huo DVD ya GB 4.7 ingejaa ndani ya dakika 5. Saa mbili za filamu zingetaka zaidi ya GB 110, na diski za laptopu nyingi za 2005 zilikuwa ndogo kuliko hapo.

Je, wajua kwamba VCD za filamu zilizotafsiriwa na za Bongo, zilizotawala vibanda vya video huku kwetu, zilitumia fomati ya mwaka 1993? Ni MPEG-1, pikseli 352 kwa 288. Fungua CD hiyo kwenye kompyuta, ingia kwenye folda la MPEGAV, utakuta AVSEQ01.DAT. Watu wengi walilinakili, wakabadili mwisho wa jina kuwa .mpg, likacheza. Lilicheza kwa sababu kilichomo ndani kilikuwa MPEG tangu mwanzo. Ukilifanyia hivyohivyo faili la MKV, ukaliita .mpg, hakuna linalobadilika ila jina. CD moja ilibeba kama dakika 74, ndiyo maana filamu ndefu ilikuja kwa CD mbili na mwangalizi wa deki akalazimika kuinuka katikati.

Je, wajua kwamba kila pleya halali ya DVD ililipiwa? MPEG-2 ilikuwa na hataza nyingi za makampuni mengi, na kuanzia mwaka 2002 ada ya kila kifaa chenye uwezo wa kuisoma ilikuwa dola 2.50. Mtengenezaji anayeuza laptopu milioni moja anahesabu dola milioni mbili na nusu kwa fomati moja tu. Ongeza H.264, ongeza sauti ya Dolby, na utaelewa kwa nini orodha ya pleya ya kitufe ilikuwa fupi. Hataza za mwisho za MPEG-2 nchini Marekani zilikwisha Februari 2018, wakati vitufe vyenyewe vilikuwa vimeshasahaulika.

Je, wajua kwamba kuna kompyuta iliyouza fomati moja moja? Raspberry Pi. Chipu yake ilikuwa tayari na uwezo wa kusoma MPEG-2, lakini imefungwa. Kuanzia 2012 ulilipa pauni 2.40, ukatumiwa ufunguo uliofungamana na namba ya kifaa chako peke yako, ukauandika kwenye faili la config.txt, ukawasha upya, na DVD ikacheza bila kukwama. VC-1 ilikuwa pauni 1.20. Naupenda utaratibu huu kwa uwazi wake: mnunuzi anaona ni nini kimezuiwa, kwa nini, na kwa bei gani. Laptopu za kitufe hazikumpa mtu nafasi hiyo hata kama pesa anazo mkononi.

Je, wajua kwamba wasanifu wa GStreamer, maktaba ya Linux ya kuchezea picha na sauti, walizigawa programu-jalizi zake kwa majina ya filamu ya 1966 ya The Good, the Bad and the Ugly? Fungu la tatu halikuwa na kazi mbovu. Lilikuwa na kazi safi iliyohofiwa kuleta matatizo ya kisheria ikisambazwa, na humo ndimo zilimokaa kodeki za MP3 na MPEG-2. Ndiyo maana mtu aliyeweka Linux alikuta muziki wake haulii mpaka apakue fungu hilo mwenyewe.

Je, wajua kazi ya kuongeza kodeki kwenye pleya ya XP Embedded ilivyokuwa? Kwanza ilibidi ile sehemu ya diski iliyofichwa, ambamo mfumo wa pleya ulikaa, ifunuliwe. Kisha kodeki, ambayo kwenye Windows huwa faili lenye mwisho wa .ax au .dll, inakiliwe humo. Hapo bado. Amri ya kawaida ya regsvr32 huandika kwenye rejista ya Windows iliyo macho wakati huo, na wewe unaitaka iandikwe kwenye ile iliyolala. Basi fundi alilazimika kuipakia rejista ya mfumo wa pili ndani ya ule wa kwanza, akaingiza maandishi kwa mkono, akaifunga, ndipo akazima na kubonyeza kitufe. Na kila kodeki ina daraja lake kwa namba. Zikiwa mbili zinazodai faili moja, yenye daraja la juu ndiyo inayopewa. Wale waliomwaga vifurushi vizima vya kodeki kwa pupa walijikuta hata DVD iliyokuwa ikicheza vizuri imeacha kucheza. Fundi mtulivu aliongeza ffdshow peke yake, ambayo inasoma aina nyingi za picha.

Kwa pleya za Linux njia ilikuwa nyingine. Splashtop, Linux ya kuamka haraka iliyotokea mwaka 2007 kwenye ubao-mama wa ASUS kwa jina la Express Gate, ilihifadhi mfumo wake kwenye mafaili yaliyobanwa ya kusomwa tu. Hukuweza kutumbukiza kitu ndani. Ulilifungua faili zima, ukaongeza ulichotaka, ukalibana tena na kulirudisha mahali pake.

Je, wajua kwamba MPlayer, pleya iliyoanzia Hungary mwaka 2000, iliweza kutumia kodeki za Windows zikiwa ndani ya Linux? Ilibeba kipande cha programu kilichozidanganya kodeki hizo kwamba ziko nyumbani. Ilikuwa kazi ya ufundi wa hali ya juu, na iliwafungulia watu wa Linux mafaili ambayo hayakuwa na njia nyingine.

Je, wajua kwamba fomati iliweza kuongezwa kwa bisibisi? Laptopu ndogo za prosesa ya Atom zilishindwa kabisa na H.264 ya 1080p. Broadcom ikatoa kadi iitwayo Crystal HD, inayoingia kwenye tundu dogo la ndani ambalo kwa kawaida hukaliwa na kadi ya Wi-Fi, na kazi yote ya kufumbua picha ikahamia huko. Kuna waliong'oa Wi-Fi ya Apple TV ya kwanza, ile ya 2007, wakaweka kadi hiyo.

Picha ipo, sauti hakuna? Usilaumu spika. Mara nyingi kinachokosekana ni kodeki ya AC3 au DTS. Samsung iliiondoa DTS kwenye televisheni zake kuanzia za mwaka 2018, na mpaka leo watu wanachomeka flashi na kuona midomo ikitembea kimyakimya.

Je, wajua kwamba Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziko kwenye eneo la 5 la DVD, ilhali Oman, Dubai na sehemu kubwa ya Ulaya ziko eneo la 2? Laptopu iliyoletwa na ndugu kutoka Muscat ikiwa imewekewa eneo la 2 itakataa DVD halali ya eneo la 5. Unaruhusiwa kubadili eneo mara 5 tu. Baada ya hapo kiendeshi kinabaki kilipo.

Je, wajua kwamba kitufe chenyewe kiliweza kuleta maafa? Wataalamu walionya kwamba kwenye laptopu zenye MediaDirect, kukibonyeza baada ya kuigawa diski upya kungeweza kuharibu jedwali linaloonyesha sehemu za diski zinaanzia wapi, na picha zako zote zikaonekana zimepotea. Ukiwa na mashine ya namna hiyo ya mtumba iliyowekewa Windows nyingine, usikiguse kitufe hicho kwa kujaribu tu. Nakili diski nzima kwanza.

Nami nasema, kwa mashine ya namna hiyo, iache pleya kama ilivyo na ubadili faili. FFmpeg ni ya bure, na amri ni fupi: ffmpeg -i filamu.mkv -target pal-dvd filamu.mpg. Inatoa MPEG-2 ya pikseli 720 kwa 576, ambayo ni picha ya DVD hasa, fomati ambayo pleya za kitufe zilitengenezwa kuisoma.

SSD, diski zisizozunguka, zimevifanya vitufe hivi visihitajike tena: Windows yenyewe ikawa inaamka kwa sekunde chache. Lakini orodha fupi za fomati zimebaki. Windows 8 ya mwaka 2012 iliacha kucheza DVD yenyewe kwa sababu ya ada, na Windows ya leo inaweza kukuomba dola 0.99 ili ufungue video ya HEVC iliyopigwa na simu yako mwenyewe. Kwa hiyo ukienda kununua laptopu au televisheni, mpya au ya mtumba, nenda na flashi yenye mafaili yako: video ya simu, filamu ya MKV, wimbo wa zamani wa AVI. Yajaribu palepale dukani, picha na sauti, kabla hujatoa pesa.