Kuziba Jino Bila Umeme

Umeme ukikatika Mbagala Rangi Tatu, fundi cherehani anaendelea kukanyaga pedali. Daktari wa meno hana pedali. Mashine yake ya kuchonga inanyamaza, na pampu ya kuvuta mate inanyamaza nayo. Kama hakuna jenereta, kilichobaki mkononi ni sindano ya ganzi na koleo. Jino lililokuja kuzibwa linaondoka limefungwa kwenye pamba.

Nimeanzia hapo kwa sababu habari za teknolojia mpya ya meno hutufikia kwa picha za kliniki zinazong'aa za ughaibuni, ilhali mageuzi yaliyofika mbali kuliko mengi ya hayo yalianzia humu humu jijini Dar es Salaam. Mwaka 1985, huko Zürich, Uswisi, Werner Mörmann na Marco Brandestini walifanikiwa kupiga tundu la jino picha kwa kamera ndogo na kuiachia mashine ya kompyuta ichonge kipande cha kauri cha kulijaza, mgonjwa akiwa bado kitini. Katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi, na wenzake katika mpango wa huduma za kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wakihangaika na swali jingine: jino litazibwaje mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba?

Waliiweka mashine kando, wakashika vifaa vya mkono. Kimoja ni kama kijembe kidogo, kinapanua mdomo wa tundu kwa kubanjua enameli iliyokwisha kupoteza nguvu. Kingine ni kijiko kisichozidi punje ya mchele, kinakwangua sehemu iliyooza, ambayo huwa laini kama ubao ulioliwa na mchwa. Kikifika penye ugumu kinaacha. Mara nyingi mgonjwa hahitaji hata ganzi.

Leo tundu hilo hujazwa glasi-ayonoma, saruji iliyobuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent na kuanza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa kioo unaokorogwa na asidi. Asidi inaula ule unga, madini yanatoka ndani ya kioo na kuigandisha asidi ikawa ngumu. Na asidi hiyo hiyo inashikana na kalisi ya jino lenyewe. Ndiyo maana hakuna haja ya kuchonga sehemu isiyooza ili saruji ipate pa kujishikiza. Daktari anaikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini, anangoja dakika chache, anakwangua ziada, kisha anamwambia mgonjwa asile kwa saa moja. Baada ya hapo saruji hiyo inaendelea kulitolea jino floraidi kidogo kidogo.

Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo ya mkono kwa ulimwengu. Ilikuwa imekwisha kujaribiwa Thailand na Zimbabwe. Mwaka 2021 shirika hilo likaingiza glasi-ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Na Novemba 2025 nchi za Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kuwa kuziba meno kwa mchanganyiko wenye zebaki, zebaki ile ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, kukome ifikapo 2034.

Njia ya mkono ina mipaka yake. Tundu kubwa lililoingia kati ya meno mawili halidumu nayo vizuri, na jino lililofanya usaha linahitaji tiba nyingine. Hapo ndipo ninapoipokea teknolojia ya kidijitali kwa mikono miwili. Kihisi chenye ukubwa wa stempu kinawekwa mdomoni, na baada ya sekunde chache picha ya eksirei iko kwenye kompyuta, bila dawa za kusafishia filamu na kwa mionzi michache zaidi. Zipo hata mashine za kushika mkononi, zinazotumia betri. Daktari wa Mwananyamala au Temeke anaweza kumtumia bingwa wa Muhimbili picha hiyo, badala ya kumpandisha mgonjwa daladala mbili akiwa ameshika shavu.

Akili mnemba nayo imeanza kusoma picha za meno, zikiwemo za simu. Hapa nataka tahadhari. Jijini mwetu wapo wengi waliokulia Arusha na Kilimanjaro, wakanywa maji yenye floraidi nyingi, meno yao yakawa ya kahawia. Yana madoa, si kwamba yameoza. Programu iliyofunzwa kwa vinywa vya Ulaya itayaonaje? Picha za vinywa vyetu ziwemo tangu siku ya kwanza ya kuifunza.

Jino ninaloliwaza zaidi, hata hivyo, ni gego la kwanza la kudumu. Huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino jingine kung'oka kulipisha, kwa hiyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Mifereji yake ya juu ni myembamba, na sukari ya ubuyu na barafu za shuleni hujificha humo. Glasi-ayonoma ikikandamizwa kwa kidole juu ya mifereji hiyo kabla haijatoboka, inaikinga, na kazi hiyo yaweza kufanyika juu ya dawati katika shule yoyote ya Mbagala.

Langu liling'olewa nikiwa darasa la nne, katika zahanati moja ya Tandika, siku isiyo na umeme. Mama alinifuta damu kwa ncha ya kanga, akaniambia nisilie, litaota jingine. Nililisubiri mpaka namaliza sekondari.