Mapumziko ya Familia Katika Hifadhi ya Katavi: Mambo ya Kupanga Kabla ya Safari

Kwa wakazi wengi wa Kata ya Ilembo, Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni mahali pa kupita tu. Basi la kwenda Sumbawanga hufika Sitalike na kuvuka Mto Katuma. Abiria wa dirishani hunyoosha shingo kutazama viboko, na kabla mama hajamwamsha mtoto aliyelala mapajani, basi limekwisha kupita. Wapo waliopita hapo miaka nenda rudi bila kuingia hifadhini hata mara moja, ingawa Sitalike iko umbali wa kilomita zipatazo 35 tu kutoka mjini Mpanda.

Wageni huvuka bahari kuja kuiona hifadhi hiyo. Jirani yake huiona mbali kwa sababu mbili: hudhani gharama haziwezekani, na huhofia usalama wa watoto. Sababu zote mbili zina uzito, na zote hupungua nguvu safari inapopangwa mapema. Makala hii inaeleza mambo ambayo familia inapaswa kuyapanga ikiwa nyumbani, kwa kuwa uzuri au ubaya wa safari ya aina hii mara nyingi huamuliwa kabla gari halijawashwa.

Hifadhi yenyewe

Katavi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, na baadaye ikapanuliwa hadi kufikia ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), na makao yake makuu yako Sitalike. Ndani yake mna mbuga pana za nyasi, misitu ya miombo, Mto Katuma, na maziwa mawili ya msimu, yaani Katavi na Chada, ambayo hujaa wakati wa masika na kugeuka mbuga za nyasi na matope wakati wa kiangazi. Humo huishi tembo, simba, twiga, pundamilia, nyamera, korongo na palahala, pamoja na makundi makubwa ya nyati. Hata hivyo, sifa iliyoipeleka Katavi mbali zaidi ni wingi wa viboko na mamba wake.

Jina la hifadhi lina asili yake hapa hapa. Katika masimulizi ya Wabende, Katabi ni mzimu anayekaa katika mti wa mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mti huo kuomba baraka. Mzazi anayempeleka mtoto wake Katavi humpeleka kuona wanyama, na papo hapo humpa nafasi ya kujua kwamba jina la mkoa wake, ulioanzishwa mwaka 2012, limetoka katika simulizi ya wenyeji wa nchi hii.

Majira ya kwenda

Familia nyingi hupata nafasi ya kutembea wakati wa sikukuu za Desemba, shule zinapofungwa na ndugu wa Tabora au Dar es Salaam wanapokuja kusalimia. Kwa Katavi, huo si wakati mzuri. Mvua huwa zimeanza, udongo mweusi wa mbugani hunasa magurudumu, na wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yanapatikana kila mahali. Gari lililonasa ndani ya hifadhi si sawa na gari lililonasa mtaani: abiria hawawezi tu kushuka na kusukuma, wala majirani hawapo wa kuitwa.

Likizo ya Juni huangukia mwanzoni mwa kiangazi, na sikukuu ya Nane Nane huangukia katikati yake. Wakati huo njia hukauka, nyasi hupungua urefu, na wanyama husogea kwenye maji yaliyobaki. Kadiri Septemba na Oktoba zinavyokaribia, viboko kwa mamia husongamana katika madimbwi machache, na mamba hujichimbia mapango kwenye kingo za mto wakisubiri mvua. Familia yenye nafasi ya kwenda mara moja kwa mwaka itaona mengi zaidi mnamo Agosti kuliko Desemba.

Gharama na usafiri

Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kwa kiwango kilicho chini sana kuliko cha mgeni wa nje. Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii katika malipo, na mwenye umri wa miaka 5 hadi 15 hulipiwa pungufu ya mtu mzima. Ili kupata kiwango cha raia, ni lazima kuthibitisha uraia. Hivyo kitambulisho cha Taifa kisisahaulike nyumbani. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya Serikali kupitia benki au simu, si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu. Kwa kuwa viwango hubadilishwa mara kwa mara, ni vyema mmoja wa familia aulize mapema katika ofisi ya hifadhi, Sitalike, na aandike kila kinachotozwa.

Kinachowalemea wengi si kiingilio, bali gari. Gari lina tozo yake ya kuingia, na hulipiwa liwe limebeba watu wawili au kumi. Kukodi, mafuta na dereva vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo, familia moja ikienda peke yake hubeba mzigo ambao familia tatu zingeugawana. Kaya zinazojuana, wanakwaya, walimu wa shule moja au wanachama wa kikoba wanaweza kuanza kuweka kidogo kidogo tangu Februari kwa safari ya Agosti. Kikundi cha namna hiyo kichague mtu mmoja wa kutunza fedha na mmoja wa kuzungumza na ofisi ya hifadhi, na makubaliano na mwenye gari yaandikwe: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, nani anajaza mafuta, na itakuwaje gari likiharibika.

Pikipiki isitegemewe kwa matembezi haya. Haina bati wala kioo kinachomkinga abiria dhidi ya nyati au simba, na mngurumo wake huwashtua wanyama. Gari linalofaa ni lililoinuka kutoka ardhini, lenye tairi la akiba, jeki inayofanya kazi na maji ya kutosha. Mtandao wa simu hukatika katika sehemu nyingi za hifadhi. Kwa hiyo mtu mmoja aliyebaki Ilembo aachiwe namba ya gari, jina la dereva na saa ya kurudi, pamoja na maelekezo ya nani apigiwe iwapo saa hiyo itapita.

Kandokando ya maji

Watu wengi huingia hifadhini wakimhofia simba. Hofu hiyo ina haki yake, lakini familia inayotazama wanyama kutoka ndani ya gari haimpi simba nafasi kubwa. Mahali ambapo watu hujisahau ni penye maji. Gari likisimama, viboko wakionekana wamelala kimya, watoto hutaka kushuka, na mtu mzima hutaka picha.

Ukimya wa kiboko haupaswi kumdanganya mtu. Kiboko mzima huweza kuzidi kilo 1,500, na akiwa nchi kavu huweza kukimbia kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao mtu wa kawaida hawezi kuushinda. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Jua linapozama hutoka kwenda kula nyasi, akifuata njia zile zile alizozizoea. Ana hatari zaidi anapohisi amezuiwa kurudi majini, au anapokuwa na ndama. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mtu asisimame kati ya kiboko na maji. Kanuni ya pili ni kwamba jua likielekea kuzama, ukingo wa mto uachwe, hata kama picha nzuri zaidi haijapigwa.

Mamba naye hahitaji kina kirefu. Dimbwi la matope linaloonekana tupu linaweza kuwa na mamba aliyetulia. Mtoto asiende kunawa mikono wala kuchota maji mtoni kwa sababu yoyote. Maji ya kunawa yatoke nyumbani katika dumu. Kila mtu mzima akabidhiwe watoto wake kwa majina kabla ya safari, kwani panaposemwa tu kwamba watoto waangaliwe, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Kwa tembo, dereva apunguze mwendo na kumwachia njia. Honi isipigwe, na gari lisiingizwe katikati ya mama na ndama wake. Tembo akitanua masikio na kugeuka kulikabili gari, amekwisha kutoa onyo, na dereva arudi nyuma taratibu.

Matembezi ya miguu

Katavi huruhusu matembezi ya miguu, lakini ni yale tu yanayoongozwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, yaliyoombwa na kulipiwa ofisini. Wanaotembea hufuatana mstari mmoja nyuma ya kiongozi, hawazungumzi kwa sauti, na wakiambiwa wasimame husimama. Kukimbia bila kuamriwa kunaweza kuliponza kundi zima. Matembezi haya huwafaa vijana na watu wazima wenye afya, ambao hujifunza kusoma nyayo, kinyesi na mwelekeo wa upepo. Familia yenye watoto wadogo ibaki na gari, na ioneshwe na ofisi mahali palipotengwa kwa ajili ya kushuka na kula.

Mbung'o na mavazi

Mbung'o ni wengi katika misitu ya Katavi, na kuumwa kwake ni kero isiyoepukika kabisa. Huvutwa na kitu kinachotembea, ndiyo maana hufuata gari, na huvutwa pia na rangi ya buluu na nyeusi. Hata mitego ya kuwakamata hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nguo nzito kidogo, za mikono mirefu na za rangi ya udongo au nyasi kavu, hupunguza adha. Hata hivyo, mavazi yanayofanana na sare za majeshi hayaruhusiwi kwa raia, na yasivaliwe kwa kisingizio cha safari.

Mbung'o wanaweza kueneza ugonjwa wa malale. Si kila kuumwa huleta ugonjwa, lakini mtu atakayepata homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, au uvimbe mahali alipoumwa, siku au majuma baada ya safari, aende kituo cha afya na amweleze mganga kwamba alikuwa hifadhini. Bila maelezo hayo, homa hiyo inaweza kudhaniwa kuwa malaria tu, na muda wa tiba ukapotea.

Vinavyorudi nyumbani

Mtoto akiokota unyoya mzuri au mwiba wa nungunungu, huona ameokota mchezo. Kisheria, sehemu ya mnyamapori ni nyara, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu kuwa kosa kumiliki nyara bila kibali. Pembe, jino, gamba la kobe, yai na ngozi, vyote viachwe vilipo. Ni busara kila mzazi akague mifuko ya watoto kabla ya kufika langoni, huku akiwaeleza sababu. Kwa upande mwingine, kila kilichotoka nyumbani kirudi nyumbani: chupa, maganda na mabaki ya chakula. Nyani aliyezoeshwa chakula cha watu huanza kunyang'anya, na anayeumia ni mgeni wa kesho. Chakula kifungwe kwenye vikapu na vyombo vyenye mfuniko; mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Mto mmoja

Liko jambo moja ambalo mkazi wa Mpanda anaweza kulitambua Katavi kuliko mgeni yeyote. Maji ya Mto Katuma yanayowahifadhi viboko wa Sitalike hupita kwanza katika maeneo ya watu, penye mashamba na mabonde ya mpunga. Watafiti waliofuatilia mto huo wamehusisha kupungua kwa maji yake wakati wa kiangazi na uchepushaji wa maji kwa ajili ya umwagiliaji upande wa juu. Mkulima anahitaji mpunga wake, na kiboko anahitaji dimbwi lake. Mto ni huo huo mmoja.

Hayo hayaelezeki vizuri kwa mdomo tu. Mtoto aliyesimama ndani ya gari mwezi Oktoba, akaona viboko mia wakigombea maji ya kina cha goti, ataelewa atakapokuwa mtu mzima kwa nini kikao cha watumia maji kina umuhimu. Wazazi wanaopanga likizo ya mwaka huu wana sababu hiyo pia ya kuanza kuuliza bei ya gari mapema.