Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kushika Mtandao: Tuanzie Wapi?



Sisi ni wa Karurumo. Katika toleo hili tumeona heri tuzungumze juu ya jambo lililotutoa jasho sisi wenyewe.

Ilikuwa siku za mwisho za Juni. Kikundi chetu hufunga hesabu mwezi wa Desemba, kwa hivyo ripoti ya kodi sharti ifike KRA kupitia iTax kabla 30 Juni haijaisha. Ukichelewa, faini inakungoja. Katibu akawasha kompyuta, mtandao hakuna. Mmoja akasema rauta imekufa, mwingine akasema laini imeisha pesa. Mwishowe tukaibeba kompyuta kwa bodaboda hadi Embu mjini. Fundi akaitazama kidogo, akabonyeza kitufe kimoja tu, kazi ikaisha. Kumbe mtu alikuwa amezima waifai ya kompyuta bila kujua! Ripoti ilikwenda jioni ile, lakini nauli na malipo ya fundi yalitoka kwa akiba ya wanachama.

Tangu siku hiyo tuna sheria moja: kabla ya kutoa pesa, jua kwanza shida iko wapi.

Fikirini mradi wa maji. Maji hutoka mtoni, yakaingia kwenye tangi, halafu bomba likayaleta mpaka mfereji wa nyumbani. Mfereji ukikauka, hukimbilii kununua mfereji mpya. Unafuata bomba. Mtandao nao ni vivyo hivyo. Mlingoti wa simu ni mto, rauta ni tangi, na kompyuta ni mfereji. Kati ya rauta na kompyuta hakuna waya; habari hupita hewani. Basi tufuate bomba pole pole.

1. Tazama taa za rauta. Kama hakuna hata moja inayowaka, angalia stima, soketi na waya. Kama zinawaka, izime, ngoja nusu dakika, uiwashe tena. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

2. Jaribu kwa simu. Unganisha simu na waifai ya rauta, lakini zima kwanza data ya simu yenyewe, isije ikakudanganya. Simu ikipata mtandao, rauta ni nzima na shida iko kwa kompyuta. Simu nayo ikikosa, angalia kama bando limeisha au laini imelegea ndani ya rauta.

3. Angalia kompyuta. Je, waifai imewashwa? Alama ya ndege haijabonyezwa? Jina la mtandao uliochagua ni lenu kweli, si la jirani? Neno la siri limeandikwa sawasawa? Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja.

4. Sogeza kompyuta karibu na rauta. Ukuta wa mawe hupunguza nguvu, na mabati huzuia zaidi. Ikiwa rauta inatoa majina mawili, lile la 2.4 GHz hufika mbali kuliko la 5 GHz. Kompyuta nyingi za zamani huona hilo la kwanza tu.

5. Uliza kompyuta namba yake. Kwa kompyuta za Windows, andika cmd mahali pa kutafutia, ubonyeze Enter. Dirisha jeusi likifunguka, andika ipconfig. Ukiona namba inayoanza na 192.168, kwa kawaida rauta imeipokea kompyuta. Ukiona 169.254, kompyuta imejipa namba yenyewe kwa kuwa rauta haikuijibu. Rudi hatua ya tatu.

6. Pima bomba. Pale pale utaona namba mbele ya maneno Default Gateway. Hiyo ni ya rauta. Andika ping, acha nafasi, halafu namba hiyo. Ikijibu, kati ya kompyuta na rauta kuko sawa. Sasa andika ping 8.8.8.8, namba iliyo huko nje kabisa. Rauta ikijibu na hii ikose, shida iko kati ya rauta na mlingoti: pigia simu kampuni ya laini yenu, msimwite fundi wa kompyuta.

7. Angalia tarehe. Kompyuta ikikaa miaka mingi, betri yake ndogo ya ndani hufa na saa inarudi nyuma. Hapo hata mtandao ukiwepo, kurasa za serikali na benki zitakataa kufunguka. Rekebisha tarehe, ujaribu tena.

Onyo: kile kitundu kidogo kwenye rauta kinachobonyezwa kwa sindano msikiguse ovyo. Hufuta kila kitu mlichopanga, pamoja na neno la siri. Na radi ikianza wakati wa mvua, chomoeni rauta kwenye soketi.

Mwisho, wafundisheni watu wawili hatua hizi, si katibu peke yake. Akisafiri je? Neno la siri liandikwe katika kitabu cha kikundi na kifungiwe pamoja na risiti. Na msingoje 30 Juni. Jaribuni mtandao wiki mbili mapema, wakati bado kuna nafasi ya kufuata bomba.