Dassault: Kampuni ya ndege iliyonusurika vita

KAMPUNI ya Dassault ya Ufaransa inafahamika duniani kwa ndege zake za kivita, lakini jina hilo lenyewe lilizaliwa katika mateso ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwanzilishi wake, Marcel Bloch, alizaliwa jijini Paris mwaka 1892. Katika vita ya kwanza alibuni panga boi la ndege, na mwaka 1929 akaanzisha kampuni yake. Viwanda vyake vilitaifishwa na serikali kufuatia sheria ya mwaka 1936.

Wajerumani walipoivamia Ufaransa, Bloch, aliyekuwa Myahudi, alikataa kuwatumikia. Agosti 1944 alipelekwa katika kambi ya Buchenwald, akakaa humo hadi Aprili 1945 ilipokombolewa.

Baada ya vita alichukua jina la Dassault, lililotokana na jina la siri alilotumia kaka yake, Jenerali Paul Bloch, katika harakati za kupinga uvamizi. Asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya kifaru cha vita.

Mwaka 1958, Mirage III ilikuwa ndege ya kwanza ya Ulaya Magharibi kuruka kwa kasi inayozidi mara mbili ya sauti. Israel iliitumia katika vita ya mwaka 1967, ndipo Rais Charles de Gaulle akazuia Mirage nyingine 50 ambazo nchi hiyo ilikuwa imeagiza. Biashara ya silaha ikadhihirika kuwa mateka wa siasa.

Hata hivyo, Dassault haikutegemea vita pekee. Mwaka 1963 ilirusha ndege ndogo ya abiria, Falcon 20. Lakini Mercure, ndege yake kubwa ya abiria, iliambulia mteja mmoja tu aliyenunua ndege 10.

Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, iliyodunguliwa Kigali Aprili 6, 1994 ikitokea Dar es Salaam, ilikuwa Falcon 50. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi naye alifariki humo, na mauaji ya kimbari yakafuata.

Marcel Dassault alifariki mwaka 1986, miezi michache kabla Rafale ya majaribio haijaruka. Ndege hiyo ilikosa mnunuzi wa nje hadi mwaka 2015, Misri ilipoagiza 24. Mwaka 2021, Umoja wa Falme za Kiarabu uliagiza 80.