Karatasi za Keya Zisiwe za Kuwashia Moto

Mali bila daftari huisha bila habari. Wahenga walisema hivyo kuhusu biashara, lakini mimi naona kwamba hata ushujaa ni mali, nao pia huhitaji daftari.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikariri majina ya Hitler, Mussolini na Churchill, nikafaulu mtihani. Hakuna aliyeniambia kwamba Vita Vikuu vya Pili vilipita pia Soin, katika mabonde yetu ya joto yaliyo chini ya miinuko ya majani chai ya Kericho. Nililijua hilo siku tulipofungua sanduku la bati la marehemu babu yangu, aliyekuwa keya, yaani askari wa KAR.

Ndani mlikuwa na kitabu chake cha kuachishwa jeshi, barua tatu na picha moja iliyofifia. Barua nyingine, bibi alituambia, ziliwashia moto jikoni. Hatukumlaumu. Ni nani aliyewahi kumwambia kwamba zilikuwa na thamani?

Barua zile ni za Kiswahili, lugha iliyowaunganisha makeya wa makabila mengi. Babu anauliza habari za ng'ombe na kulalamikia mvua isiyokoma. Hasemi yuko wapi. Anaandika tu "huku tuliko", kwani barua za askari zilikaguliwa, na mstari mmoja umefutwa kwa wino mweusi. Jibu limo katika kile kitabu: Burma.

Ukiziweka karatasi hizo pamoja, mvua ile inapata mahali pake. Katika msimu wa mvua wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika Bonde la Kabaw, ikiwafukuza Wajapani katikati ya matope na malaria, hadi ikaingia Kalewa mwezi Desemba. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari mwaka huo, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki.

Wako watakaosema kwamba yaliyopita si ndwele. Nawajibu kwa mfano. Mwaka wa 2019 televisheni ya Al Jazeera ilifichua hati ya kale ya Uingereza iliyoonyesha kwamba malipo ya kuwaaga askari mwishoni mwa vita yalipimwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu aliweza kupata hadi mara tatu ya alichopata Mwafrika. Wazee wetu walinung'unika kwa miaka mingi, wakaonekana wasio na shukrani. Karatasi moja ikawatetea, ingawa wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Hata hivyo, hati ile inataja viwango tu. Haimtaji babu yangu. Kinachoonyesha kwamba alikuwako ni kijitabu kilichokuwa karibu kuliwa na mchwa. Wachache, kama Waruhiu Itote aliyepigana Burma, na Bildad Kaggia, waliandika vitabu. Walio wengi waliacha masanduku.

Kwa hivyo nawasihi walimu wa historia: likizo ijayo, wapeni wanafunzi kazi ya kuuliza nyumbani kama kuna karatasi za zamani. Wazisome mbele ya wazee, waandike tarehe na mahali, wanakili kila neno, kisha wairudishe asili kwa mwenyewe. Familia zitakazoridhia zaweza kushauriana na Idara ya Nyaraka za Taifa kuhusu utunzaji wake.

Nawe mwanafunzi, usingoje mtihani ukuulize. Leo jioni, kabla moto haujawashwa, tazama kwanza ni karatasi gani iliyo mkononi mwa bibi.