Dawa nne na mtu wa katikati

Anayelima kwa maji ya ndiva, bwawa la kienyeji la umwagiliaji, kule Bangalala wilayani Same, anajua kinachotokea mfereji ukiziba. Maji hayapotei, yanarudi nyuma na kufurika kusikotakiwa. Saratani inayoanzia kwenye kichwa cha kongosho huifanyia nyongo hivyohivyo. Uvimbe unabana mrija unaoshusha nyongo kwenye utumbo, nyongo inarudi kwenye damu. Mzee wa Chome, juu milimani, ambaye kwa miezi alilalamikia mgongo na kusukuma sahani ya makande bila kuigusa, anaamka asubuhi macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka, mwili mzima unawasha. Nyumbani watasema ni ini. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, halipigi kelele mapema, kwa hiyo wengi hufika hospitali ya KCMC Moshi au Ocean Road Dar es Salaam ugonjwa umeshasambaa na upasuaji hauwezi tena kuuondoa. Kinachobaki kuzungumzwa ni dawa, na mara nyingi ni dawa kadhaa kwa pamoja, yaani mseto.

Neno hilo Tanzania tulishalizoea kwenye malaria. Klorokwini ilichoka, SP ikashika nafasi yake mwaka 2001, nayo ikachoka upesi, hadi dawa mseto ya ALu ilipoingia mwaka 2006. Kijidudu kinachoikwepa dawa moja kinapata tabu kuzikwepa mbili zinazopiga sehemu tofauti. Chembe za saratani nazo ni wakwepaji hodari, na wazo la kuzipiga kwa dawa kadhaa si geni Afrika Mashariki: katika kituo kilichofunguliwa Mulago, Kampala, mwaka 1967, John Ziegler na wenzake walifanya majaribio ya namna hiyo dhidi ya limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo mara nyingi huvimbisha taya.

Ila kila dawa unayoongeza inakuja na sumu yake. Ndiyo maana mseto haupokelewi kwa kuwa unaonekana una nguvu. Lazima ushindanishwe na kitu. Wafaransa walifanya hivyo kuanzia 2005 hadi 2009. Walichukua wagonjwa 342 wenye saratani ya kongosho iliyosambaa, wakawagawa kwa kura, 171 kila upande. Upande mmoja ulipewa gemsitabini peke yake, dawa iliyokuwa tegemeo wakati huo. Mwingine ulipewa dawa nne pamoja: fluorourasili, leukovorini, irinotekani na oksaliplatini, mseto unaoitwa FOLFIRINOX. Kura ni ya lazima, maana daktari akiachiwa achague, atawapa wenye nguvu mseto na kuwaachia dhaifu dawa moja, kisha atausifia mseto kwa sifa za miili ya watu.

Matokeo yalitoka 2011: miezi 11.1 ya kuishi kwa mseto dhidi ya 6.8 kwa gemsitabini. Namba hizi husomwa vibaya kila siku. Wapange wale 171 wa mseto mstari mmoja, kuanzia aliyeishi muda mfupi hadi aliyeishi mrefu. Mtu wa 86, yule wa katikati, ndiye mwenye miezi 11.1. Nusu walitangulia kabla yake, nusu walimpita, wengine kwa mbali. Baada ya mwaka mmoja, karibu 48 katika kila 100 wa mseto walikuwa hai. Upande wa pili karibu 21.

Mwaka huohuo wa 2011 magari yalipanga foleni kuelekea Samunge, Loliondo, watu wakanywe kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Siwacheki; anayeogopa kufa hupanda gari lolote. Lakini foleni ile haikuwa na upande wa pili. Waliosema wamepona tuliwasikia redioni. Waliokufa hawakurudi kusimulia.

Na majaribio ya kitaalamu nayo yaulizwe: upande wa pili ulipewa nini? Mwaka 2023 mseto mwingine wa dawa nne, NALIRIFOX, ulitangazwa kwa miezi 11.1 dhidi ya 9.2. Ulishindanishwa na mseto wa dawa mbili, haukushindanishwa na ule wa Wafaransa, na miezi 11.1 tulikuwa nayo tangu 2011.

Sasa mzee wetu. Wafaransa hawakupokea kila mtu. Walitaka aliyevuka miaka 75 abaki nje, aliyepokelewa awe anajimudu, na bilirubini yake, ile rangi ya nyongo inayofanya macho kuwa ya njano, iwe karibu na kawaida. Dripu ya fluorourasili peke yake huenda saa 46, kila baada ya wiki mbili. Karibu nusu ya waliopata mseto chembe zao nyeupe za damu zilishuka vibaya. Homa ikimpanda mtu wa hali hiyo usiku, hasubiri kukuche ndipo aende hospitali, na barabara ya kushuka kutoka Chome wakati wa masika wanaoipita wanaijua.

Kwa mwenye macho ya njano, basi, dawa nne si za kwanza kutafutwa. Kwanza mfereji uzibuliwe: kimrija kipitishwe kwenye mrija wa nyongo, bilirubini ishuke. Akiweza baada ya hapo kutembea mwenyewe mpaka stendi ya Same, mazungumzo ya mseto yana maana. Asipoweza, ipo gemsitabini peke yake, dripu ya nusu saa, na mofini ya kunywa kwa ule mgongo.